Vijito, Hori na Mke Mwenzangu

Kisiwa cha Pemba hakina maporomoko ya maji. Nalitanguliza neno hili mapema kwa sababu msomaji wa bara, aliyezoea kusikia habari za Kalambo, ambako mto huanguka zaidi ya mita 200 katika mpaka wetu na Zambia, au za Sanje katika milima ya Udzungwa, aweza kuja huku akitaraji ngurumo na ukungu, akaambulia kijito kisichofika magotini, kikitelemka baina ya majaruba ya mpunga kwa adabu ya mgeni anayeomba njia. Vilima vyetu ni vingi hata mtu huchoka kuvihesabu, lakini hakuna kimoja kinachofika mita 120 juu ya bahari, na maji hayawezi kuanguka kutoka kimo ambacho hayakupewa.

Kwa mtoto wa miaka saba, hata hivyo, kimo hakipimwi kwa mita. Wakati wa masika, bonde linapojaa na maji yakafurika juu ya tuta la jaruba moja kuingia jaruba la chini yake, yakapita katika pengo ambalo mkulima ameliacha kwa makusudi, mtoto akichutama karibu huyasikia yakivuma sikioni mwake na kuyaona yakipiga povu, na hapo hana haja ya Kalambo wala Sanje. Mjukuu wangu, ambaye kwa ada ya utani wa kwetu ni mke mwenzangu, maana babu yake ni mume wa sote wawili na kila mmoja wetu humshitaki mwenzake kwake, huja siku ya mapumziko kuniamkia kwa chechei yake ya haraka, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba keshauliza, "Bibi, leo twenda maji gani?"

Siku alipoona katika kitabu cha shule picha ya maporomoko makubwa alinuna, akadai kwamba kisiwa chetu kimepunjwa. Nami, badala ya kumbembeleza, nikamsimulia habari ya Kihansi. Huko, katika milima ya Udzungwa, mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi kiungo cha kidole, ambaye hakuwa na maskani nyingine duniani ila pale rasharasha za maporomoko zilipofika, na ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme likaanza kazi mwaka 2000, maji yakapunguzwa, rasharasha zikakoma, maradhi ya ngozi nayo yakaongeza msiba, hata mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini, asibaki ila katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani, ambako wenzake karibu 500 walikuwa wamepelekwa mapema. Na wazao wa hao ndio walioanza kurudishwa nyumbani miaka michache baadaye. Hekaya hii hutaka niirudie tena na tena, na kila mara swali lake ni lile lile: nani aliyewakatia vyura tikiti ya ndege? Maporomoko makubwa amekwisha kuyasamehe.

Wanajiografia wa Kiarabu walikiita kisiwa chetu Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na atakayesafiri kutoka Chake Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani hatahitaji kuelezwa sababu. Unguja na bara zimetenganishwa na bahari ya kina kidogo, lakini baina ya bara na Pemba upo mkondo wa kilomita zipatazo 50 ambao kina chake huzidi mita 700, na utengano huo wa dahari nyingi ndio uliokipa kisiwa viumbe visivyopatikana pengine: ninga wa Pemba, popo mkubwa wa Pemba mwenye uso wa mbweha, na mti wa mpapindi ulio katika jamaa ya minazi na mipopoo. Mvua nayo, ambayo hutunyeshea kuliko inavyowanyeshea ndugu zetu wa Unguja, imeuchimba udongo wa magharibi ikafanya vilima na mabonde mfululizo, karafuu zikashika miteremko, mpunga ukashika chini, na penye kukutana miguu ya vilima viwili aghalabu hububujika chemchemi. Basi mtu aliye na mjukuu na miguu miwili hana udhuru: popote atakapoteremka kilima atakutana na maji.

Chombo chetu cha safari hizi ni karara. Karara la mnazi likikauka na kuanguka huwa limekwisha kuchongwa na Muumba, omo na tezi, wala fundi hana la kuongeza ila mlingoti. Nasi huutoboa ubavu wa kijiti cha mhogo tukakilaza ndani, tukachomeka chelewa iwe mlingoti na jani la mkungu liwe tanga. Likitiwa kijitoni hujigeuzageuza kwanza kama lisilojua liendako, kisha hushika mkondo, hupita chini ya majani ya magimbi, hukwama penye mzizi, na hapo ndipo unapoanza ugomvi, kwa kuwa mke mwenzangu hutaka kuingia majini kulikwamua, nami simruhusu.

Hapa yanipasa kuacha mzaha. Maji baridi ya Pemba, yaliyo mazuri kuyatazama, kwa muda mrefu yamekuwa makao ya kichocho, na mwenye kumpeleka mtoto kijitoni pasipo kulijua hilo amempeleka kwenye hatari isiyoonekana kwa macho. Mtu mwenye maradhi hayo hutoa mayai ya mdudu katika mkojo wake. Mayai yakifika majini huanguliwa, na vitoto vyake humtafuta konokono mdogo wa maji baridi, ambaye wataalamu humwita Bulinus, vikamwingia na kuzidi ndani yake kwa wiki kadhaa. Kisha hutoka kwa wingi, hasa jua likiwa utosini, vikaogelea kutafuta ngozi ya binadamu, na vikiipata havihitaji kidonda wala mkwaruzo ili viipenye. Saa sita mchana, wakati mtoto anapoona joto na kijito kikamwita, ndiyo saa ya adui. Zama za utoto wetu mkojo wa damu ulikuwa jambo la kawaida hata wapo wavulana waliojigamba nao, wakidhani ni dalili ya kubaleghe.

Leo hali ni nyingine. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, ipo tangu mwaka 2000 maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kiitalia wa vimelea. Na tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 visiwa vyetu viwili vilifanyiwa kazi kubwa ya kujaribu kuyang'oa maradhi haya, kwa dawa ya prazikwanteli iliyogawiwa shuleni na majumbani, kwa kuwaua konokono madimbwini, na kwa kuwafundisha watoto wapi wacheze na akina mama wapi wafulie, hata kichocho kikapungua sana ingawa hakikwisha. Mke mwenzangu huijua kazi yote hiyo kwa jambo moja tu, nalo ni ule ufito wenye alama ambao mtoto husimamishwa kando yake, akapimwa kimo, na kimo ndicho kinachoamua idadi ya vidonge. Mwaka alipopanda alama moja alirudi nyumbani akitembea kwa vidole ili urefu ule usipotee njiani, na katika pumzi hiyo hiyo akalalamikia uchungu wa dawa, asijue kwamba malalamiko na fahari vimetoka katika ufito mmoja.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba kwa hofu hiyo mtoto akatazwe vijito kabisa, abaki uani na simu ya mama yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto aliyekatazwa pasipo kuelezwa huenda kwa siri, na kwa siri huenda saa sita mchana. Kanuni yetu ni nyepesi: macho, masikio na karara huingia majini, miguu hubaki juu ya tuta, na kwa kulikwamua karara tuna mti mrefu wa mpera wenye panda mwisho, ambao yeye huubeba begani toka nyumbani kwa madaha ya askari.

Kiu ya kulowa, ambayo ni haki ya kila mtoto, tunaikata kwenye hori. Konokono wa kichocho hapatani na chumvi, na ufuko wetu wa magharibi umekatwakatwa na bahari, ikaingia nchi kavu kwa vidole virefu vya maji vilivyopambwa mikoko kandokando, kuanzia upande wa Mkoani hadi ghuba za Chake Chake na Wete na kuendelea kaskazini. Hatari ya hapa ni ya namna nyingine, nayo ni ya wazi kwa anayeijua. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka tofauti inayokaribia mita 4. Hupwa mnamo saa nne asubuhi, hujaa mnamo saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa muda usiopungua sana saa nzima, mpaka yafike maji mafu ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa sababu hiyo bibi wa Pemba hutazama mwezi usiku ndipo aahidi matembezi ya asubuhi. Na jambo ambalo mgeni huchelewa kulijua ni kwamba maji yanayojaa hayaji kwa mbele tu: huingia kwanza katika mikondo iliyo nyuma ya mtu, mahali alipovuka akiwa mkavu, naye angali akitazama bahari kwa mbali na kudhani ana wasaa.

Maji yakisha kupwa, mikoko huwa madrasa. Mkoko wenyewe hujulikana kwa mizizi yake iliyopinda juu ya tope, na kwa mbegu zake ndefu ambazo huchipua zingali mtini, zikaanguka na kujisimika zenyewe. Mchu hutoa vijizizi vilivyosimama wima topeni kwa maelfu. Mkandaa una gome lililotumika tangu kale kwa kutia rangi. Na mkomafi huzaa tunda la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, ambalo likipasuka hutoa mbegu zenye pembe pembe zilizopangika kwa hikima ya ajabu, na ole wake atakayezitawanya akataka kuzirudisha zikae kama zilivyokuwa. Mke mwenzangu amekaa na mbegu hizo barazani tangu alasiri mpaka magharibi, akakataa msaada wangu, akakataa na msaada wa babu yake, ambaye alikuwa na hamu kuliko yeye. Lakini alipendalo zaidi ni jani la mchu. Mti huo hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi juu ya majani yake, na asubuhi isiyo na mvua ukiliinua jani kwenye mwanga utaiona imekaa chembe chembe. Nilimwonyesha mara moja kuiramba kwa ncha ya ulimi, na tangu siku hiyo hapiti penye mchu asisimame kuonja, akatoa na hukumu yake, mti huu umezidisha, ule umepunguza.

Kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa, ambao ni madume peke yao, hupunga mkono huo mbele ya mashimo yao, naye huwapungia vile vile. Visamaki vya tope, vyenye macho juu ya kichwa, hutambaa kwa mapezi hata juu ya mizizi, na hivyo vimemshinda kabisa kuvipanga, kwa kuwa mwalimu wake amemwambia samaki hatoki majini. Tondo wamejaa tele. Mdiria hukaa juu ya tawi akingoja, na subira yake ndiyo pekee niliyopata kumwona mke mwenzangu akijaribu kuiiga.

Ndani kidogo ya hori utawakuta wanawake wakifukua makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope ambalo maji hulifikia kila siku, yakazungushiwa miti na kuwekewa mawe yasichukuliwe, yakaachwa huko miezi mingi mpaka yaoze nyama na kubaki nyuzi. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa mti mpaka usumba utoke, hukaushwa, na ndipo husokotwa kamba. Harufu yake siitetei. Mtoto alipofika hapo kwa mara ya kwanza alijifunika pua kwa ukaya wake, na bibi mmoja wa makamo, aliyekuwa ndani ya tope hadi magotini, akamwuliza kwa upole kama ng'ombe wa kwao hafungwi kwa kamba. Akaushusha ukaya. Alipewa fungu dogo la usumba aviringishe juu ya paja, na kamba aliyotoka nayo, ijapokuwa ya shibiri moja na nene upande mmoja kuliko wa pili, ndiyo inayofunga ule mti wetu wa mpera.

Watu hudhani mikoko ni vichaka vya kujificha kaa, wakasahau kwamba boriti zake zilikuwa bidhaa adhimu. Majahazi yalizipakia pwani hii na kungoja kusi yazichukue mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti mirefu, na vyumba vingi vya nyumba za mawe, huko na huku kwetu, vina upana ule ule mwembamba kwa sababu boriti haikuruhusu zaidi. Katika jambo hili babu mtu hupenda kuzidisha, husema nusu ya Maskati ilikatwa hapa. Mimi huishia palipo na yakini.

Atakaye maji yenye kivuli na aende Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, mbele ya Konde, ambako umebaki msitu wa asili uliokuwa umeenea zamani. Hapo mivule ni mirefu, mipapindi imesimama na mashina yake yenye pingili, na mkondo wa maji baridi hupita kimya chini yake. Mtoto husema kwa sauti ya chini pasipo kuambiwa. Popo nao hukaa kwa wingi Kidike, wakining'inia mchana kutwa katika miti mirefu, na bawa hata bawa huzidi mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba watakwisha kwa kuwindwa, na wenyeji wenyewe ndio waliokubali kuwalinda mpaka wakazidi tena. Kwa kadiri nionavyo, Kidike ni pa watu wazima: mke mwenzangu aliwatazama popo kwa muda wa kumenya chungwa, akauliza maji yako wapi.

Pujini, mashariki ya Chake Chake, palimpendeza zaidi. Magofu yale ni ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye hekaya husema aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi wakienda kwa kujiburura makalio chini, na ngome yake ilikuwa karibu na hori, ikafanyiwa njia ya maji ili vyombo viifikie maji yakijaa. Ndani yake kuna kisima kilichogawanywa kwa ukuta, na masimulizi ni kwamba Mkama alikuwa na wake wawili wasiopatana, basi mmoja akawa anateka kwa ndoo na kamba, na mwingine hushuka kwa ngazi upande wa pili, wasipate kuonana nyuso. Nilimsimulia haya tukiwa tumekaa ukingoni. Alinyamaza, akanitazama, kisha akauliza ni nani katika sisi wawili angepewa ngazi; na nilipomwambia kwamba mkubwa ndiye achaguaye, alisema itabidi amwulize mume.

Safari yetu ya karibuni ilikuwa Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Wete, mahali ambapo maji yakipwa ni rasi na maji yakijaa ni kisiwa. Mwaka 1984 wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua hapo hazina ya sarafu ndogo ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizokuwa zimezikwa yapata karne ya 11. Na kwenye zile za fedha, upande mmoja pameandikwa jina la mtawala, kama Ali bin al-Hasan, na upande wa pili sifa za Mwenyezi Mungu, maneno ya huku yakiwa na kina kimoja na ya kule, hata mtu aliyeigeuza sarafu mkononi mwake alikuwa akisoma ubeti. Sijui kama yako mataifa mengi yaliyonunua samaki kwa mashairi. Mke mwenzangu alipekua mchanga kwa jicho la mfanyabiashara, nikamweleza kwamba akipata chochote kitu hicho si chake wala si changu, ni cha Serikali. Akaona shughuli hiyo haina faida, akahamia kwenye tondo.

Tulikuwa tumeingia kwa miguu asubuhi maji yakiwa yamepwa, na tulikuwa tumekusudia kukaa hadi yajae ili turudi Wete kwa mtumbwi, kwani nilitaka aone kwa macho yake jinsi nchi inavyogeuka kisiwa. Aliona. Alisimama na kijiti, akakichomeka penye ukingo wa maji, akarudi nyuma hatua mbili akachomeka kingine, na kila kijiti kilipomezwa alipiga kelele kunijulisha, mpaka vijiti vikamwishia na njia yetu ya asubuhi ikawa hori moja pana. Mwenye mtumbwi alikuja kwa upondo wake pasipo haraka, akatupakia, akatutia Wete, na tulipokanyaga ufukoni akadai nauli ya watu wawili. Nikaanza kufungua pindo la kanga. Mke mwenzangu akanizuia mkono, akamwambia kwa uso mkavu kwamba wake wa nyumba moja hulipiwa na mume wao, na mume hakuja, yuko nyumbani anangoja apikiwe tondo. Mzee yule akaegemea upondo wake, akafikiri, akauliza tondo hao watakuwa wa nazi au wa chukuchuku.